Kinanda cha Kwaya

Kwa mara ya nne Spesioza alitoka Ulyankulu kufuata kinanda cha kwaya kwa fundi wa vyombo vya muziki pale Gongoni. Mara zote aliambiwa kipuri hakijafika kutoka Dar, na kanisani wanaimba kavu tangu Kwaresima.

Leo, kabla hajabisha, alikisikia kinanda kikilia ndani, safi kabisa. Alichungulia. Fundi alikuwa amefumba macho akipiga taarabu, vidole vyake vyenye makovu ya moto vikitembea taratibu juu ya vitufe.

"Hodi."

Fundi akakifunika upesi kwa kanga. "Karibu, mama. Kile kipuri bado."

Spesioza aliingia, akaiondoa kanga. Alichomoa waya ukutani, akajitwika kinanda kichwani.

"Mama, niache nimalizie huu wimbo tu," fundi alisema kwa sauti ndogo.

Spesioza alikuwa ameshainama kupita mlangoni.