Sahani ya Tatu

Siku hizi mwanafunzi aliyefeli mwaka mmoja anaruhusiwa kuufuta, ila unafutwa kwa nyumba nzima. Mimi nilifeli kidato cha tatu, mwaka aliofariki baba. Nafasi yangu ya kuingia chuo cha udaktari ilibaki asilimia kumi na tisa. Mama akatia saini fomu ya kuufuta mwaka ule bila kuniuliza.

Maofisa wakaja na boksi, wakachukua picha za mazishi, cheti cha kifo, hata kanga aliyojifunga mama msibani. Ukutani wakafunga kifaa cha kutusikiliza. Kwa kuwa mwaka ule haukuwepo, baba hakufa, na tulitakiwa tuishi hivyo mpaka majibu ya chuo yatoke.

Kila asubuhi nilikiamkia kiti kitupu. "Shikamoo, baba." Nikisita kidogo tu, asilimia zinashuka. Mama alipakua sahani tatu, ya baba ikapoa, akairudisha jikoni. Usingizi ukanipaa. Nilikuwa natembea ndani ya nyumba kama mgeni anayeogopa kugusa vitu.

Leo mchana barua imefika. Nimechaguliwa. Fundi amefungua kifaa, ameacha matundu mawili ukutani. Nikakaa nikimsubiri mama alie, maana sasa tunaruhusiwa.

Akapakua sahani tatu. Ya baba akaiongezea mchuzi.

"Mama, kifaa hakipo tena."

"Nimeona, Nakiete." Akakivuta kile kiti karibu na meza. "Mwambie baba yako umechaguliwa. Tangu asubuhi anakuulizia."