Kisikizi cha Lusajo

Kila mtoto wa shule ya msingi alivaa sikioni kisikizi kilichounganishwa na mtandao wa shule, usiku na mchana. Lolote lililosemwa karibu naye kilimfikishia kwa Kifaransa au Kiswahili sanifu, kwa sauti ileile moja ya mwalimu. Kikitolewa kabla ya mtihani wa darasa la nne, mtoto alirudishwa darasa la kwanza.

Bibi alipotoka Tukuyu kuja kuugulia kwa binti yake Gwantwa, mjukuu wake Lusajo alikuwa amekivaa karibu miaka minne.

"Mvue hicho kidude kidogo tu," Bibi aliomba. "Nimbariki kwa Kinyakyusa changu."

"Mama, si anakuelewa? Baraka ni ileile."

"Mungu ananisikia mimi, mwanangu. Huyu anamsikia nani?"

Gwantwa alicheka. "Zimebaki wiki sita tu, Mama. Vumilia."

Bibi akavumilia. Kila jioni alimwekea mjukuu mkono kichwani, akaomba kwa sauti yake yenye mikwaruzo, na Lusajo akaitikia amina. Wiki ya nne Mungu akamchukua Bibi.

Lusajo alifaulu vizuri. Siku kisikizi kilipotolewa, alimuuliza mama yake, "Bibi alikuwa na sauti gani?"

Gwantwa akapiga magoti, akamwekea mkono kichwani, akaanza ile baraka kwa Kinyakyusa, huku moyoni akimwomba Mungu msamaha. Lusajo alimtazama mdomoni kwa adabu, kama mgeni anayemsubiri mkalimani.