Makubazi ya Mzee Shomvi

Kila siku saa moja asubuhi, kamera ya mtaa hupita ikisoma viatu vilivyovuliwa mlangoni. Vikielekea ndani, mwenye navyo anakubaliana na Baraza. Vikielekea nje, anapinga. Kupinga hakukatazwi. Ila nyumba yenye mpinzani hufunguliwa maji mwisho.

Mzee Shomvi akitoka msikitini alfajiri huyaelekeza makubazi yake nje, kisha hujilaza. Mkewe, Bi Mgeni, hunyata kwenda kuyageuza, na kamera ikishapita huyarudisha yalivyokuwa. Mwaka wa nne huu, na maji yao hayajachelewa hata siku moja.

Leo aliyakuta yameelekea ndani tayari.

"Baba Riziki, umeyaweka wewe vile?"

"Nimeyaweka mimi." Mzee alikuwa amegeukia ukuta. "Miaka minne napinga, Mama Riziki, na maji napata sawa na wanaokubali. Kumbe hakuna aliyewahi kuniona."

Bi Mgeni alirudi mlangoni. Kamera ilishafika kwa jirani, ikija kwao. Akainama, akageuza kandambili zake mwenyewe zikatazama nje, halafu akaingia kutafuta ndoo.