Viatu vya Mlinda Lango wa Zamani

Bibi mgeni aliingia bila hodi chumba cha kuvalia cha timu ya Latvia ya mpira wa magongo wa barafuni.

"Bibi, tuko uchi humu!"

"Nimezaa wavulana wanne. Mtanionyesha nini?"

Alimkabidhi Ilgvars, mlinda lango, viatu vya kutelezea barafuni, vyuma vyake vimeshika kutu. "Vya kaka yangu. Alilinda lango la Latvia kabla Wasovieti hawajampakia treni ya kwenda uhamishoni Siberia. Vivae wakati wa wimbo wa taifa tu."

"Nitavivaa, Bibi. Naahidi."

Kocha akafoka. "Hakuna muda wa kubadili! Ukivivaa, hudaki leo. Mechi ya kwanza ya taifa baada ya miaka hamsini ya kutawaliwa na Wasovieti, unaniletea mizimu?"

Ilgvars akaingiza mguu. Ndani, ngozi ilikuwa na joto, kana kwamba mwenyewe amevivua sasa hivi.

Akakaza kamba, akaingia barafuni.