Uzito wa Pawa Saplai

Fundi alimpa mama pawa saplai iliyoungua, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme. "Ipime mkononi, mama. Ya kweli huwa nzito. Hii feki."

Mama amepima maharage kwa kiganja sokoni miaka ishirini. Siku binti yake alipoichomoa kwenye kompyuta, ikiwa bado nzima, na kusoma, "Kadi mpya ya michoro inataka wati mia tano, hapa zimeandikwa mia sita, inatosha," mama aliishika akaiona nyepesi kama kopo tupu. Akameza maneno. Wa darasa la saba ambishie nini msomi?

"Na picha za marehemu baba?" binti aliuliza. "Zote zilikuwa humo."

"Diski iliyozihifadhi nayo imeungua," fundi alisema. " Poleni."

Binti akamshika mama bega. "Usilie. Sisi tungejuaje?"

Kiganja cha mama kilikuwa bado kinaipima ile pawa saplai.