Kalamu Nyekundu

"Tia sahihi, mama, ukalale kwako," mpelelezi alisema, akimsogezea karani wa masjala karatasi iliyokwisha kuchapwa.

Ilisema: Niliiba orodha ya siri ya jeshi. Najuta.

Siri gani! Yalikuwa majina ya askari thelathini na tisa waliokufa kwa maji ya sumu kambini, na mama zao bado wanaambiwa vijana wako mpakani.

"Mwanangu, una kalamu nyekundu?"

Mpelelezi alicheka, akampa. "Wino ni wino."

Kwa miaka ishirini na sita karani huyu amesahihisha barua za wakubwa. Alikata "Niliiba", akaandika juu yake "Nimewapa wenyewe". "Najuta" aliikata kwa nguvu hadi karatasi ikachanika.

"Unajichimbia kaburi, mama." Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Afadhali mimi. Wale hata kaburi hawana."

Akatia sahihi yake, ileile ya siku zote, yenye mkia mrefu. Kisha, kama afanyavyo chini ya kila barua ya serikali, akaandika "Nakala kwa:" na kuanza kuorodhesha mama za wale askari, mmoja mmoja, bila kutazama popote, majina yote yakiwa kichwani.