Sisimizi wa Nyuma ya Banda

Tangu daktari amwambie ana kisukari, Shekuwe aliwaogopa sisimizi kuliko kifo chenyewe. Kila alipokojoa mchangani, nyuma ya banda la kuku, walikuja msururu kufuata sukari iliyomtoka. Basi akameza vidonge, akatembea mpaka miguu ikamuwaka, akanywa chai isiyo na sukari huku amekunja uso.

Asubuhi hiyo alimaliza haja yake, akabaki akitazama. Mchanga ukakauka. Hakuja hata mmoja.

"Mama Zuhura! Njoo uone!"

Mkewe akatoka mbio, mwiko mkononi. "Nione nini? Mbona mchanga mtupu?"

"Ndiyo ajabu yenyewe."

Mama Zuhura akainama. "Labda wamehama," akanong'ona, akiogopa kufurahi mapema. Akaingia jikoni, akarudi na sukari kidogo, akainyunyiza hatua chache kutoka pale.

Wakatokea. Wakapakanyaga pale alipokojoa bila hata kusimama, wakaizingira chembe moja, wakainyanyua kwa pamoja, wakaenda nayo taratibu kama watu wenye jeneza mabegani.

Shekuwe akashusha pumzi. Akasogea kando, akawapisha.